Mimi mgonjwa, namtunza mwanangu, na sasa naambiwa nihamie Universal Credit

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa Tanga. Naishi Leicester, Uingereza, miaka mingi sasa na uraia wa hapa nimeshapata. Mume wangu alifariki. Ninaye mwanangu wa kiume wa miaka 22 ambaye tangu kuzaliwa ana mtindio wa ubongo. Hasemi kwa maneno, chakula namlisha, na usiku lazima niamke kumgeuza. Yeye ana PIP yake (posho ya ulemavu) na Universal Credit yake (posho mpya ya wenye kipato kidogo), na mimi ndiye ninayesimamia fedha hizo kwa niaba yake.

Taabu ni kwamba na mimi si mzima. Nina baridi yabisi iliyonishika vidole, magoti na shingo. Kuna asubuhi nashindwa hata kufungua kizibo cha chupa ya maziwa. Nalipwa PIP, sehemu ile ya mahitaji ya kila siku, na pia ESA (posho ya wagonjwa wasioweza kufanya kazi), katika kundi la watu wasiotakiwa kutafuta kazi. Juu yake napata Carer's Allowance kwa kumtunza mwanangu, na Housing Benefit, posho ya kodi ya nyumba, inayokwenda moja kwa moja kwa wenye nyumba. Si fedha za kutamba, lakini nimeizoea hesabu yake: wiki hii umeme na gesi, wiki ile chakula na nepi za kijana.

Mwezi wa tisa mwaka huu wa 2025 ikaja barua kwamba ESA na Housing Benefit yangu zitakwisha, na nikitaka kuendelea kupata msaada niombe Universal Credit kabla ya katikati ya Desemba. Nimeiweka kabatini chini ya khanga. Nikiifungua maneno yananikimbia.

Watu nao kila mmoja ana lake. Mmoja kaniambia nisiombe, watanihamisha wenyewe. Mwingine kasema nikiandika kwamba mimi ni mgonjwa na papo hapo nikaandika kwamba namtunza mtu, nitakuwa nimejishtaki: mgonjwa gani anaweza kumwinua kijana wa miaka 22? Wa tatu kanitisha kwamba nitakaa wiki tano bila senti, halafu serikali inikopeshe kwa riba, nami riba siitaki nyumbani kwangu.

Wifi yangu huja kunisaidia karibu kila siku. Ananipikia, ananisuka, ananisindikiza hospitali. Kuna mtu amemwambia naye anaweza kuomba Carer's Allowance kwa kunitunza mimi. Nimefurahi, maana hajawahi kupata hata ahsante ya fedha. Ameshapata fomu na anataka kuipeleka wiki hii.

La mwisho, unisitiri. Kuna bwana mmoja, mgane, yuko Coventry, ameleta posa. Kaka zangu wameridhia. Anataka tukifunga ndoa ahamie kwangu kwa sababu nyumba yangu imetengenezwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu. Je, hili linahusiana na ile barua, au ni mambo mawili mbalimbali?

Mama S., Leicester

*

Marahaba, mwanangu.

Itoe hiyo barua chini ya khanga leo hii, na umwambie wifi asiipeleke fomu. Nitakueleza sababu za yote mawili, lakini hayo mawili fanya kwanza.

Aliyekwambia watakuhamisha wenyewe amekupoteza. Serikali inafunga zile posho za zamani. Tax credits zilifungwa Aprili 2025, na wanaolipwa ESA inayotegemea kipato ilipangwa wawe wamehamishwa wote ifikapo mwisho wa Machi 2026. Kuhamishwa hapa maana yake ni kuandikiwa barua ukaombe mwenyewe. Usipoomba, malipo yanasimama. Wakikuona umenyamaza huenda wakakupigia simu, hata kuja nyumbani, lakini usijenge maisha yako juu ya kubishiwa hodi.

Tarehe iliyo katika barua yako ndiyo inayobeba fedha. Ukiomba kabla haijapita, sheria inakupa ulinzi wa mpito: wanachukua kiasi ulichokuwa ukilipwa na posho zinazofungwa, wanakilinganisha na Universal Credit, na ikiwa Universal Credit ni ndogo wanaongeza juu yake tofauti iliyopo. Tarehe ikikupita, una mwezi mmoja wa kuomba na bado wakakuhesabu kama uliyewahi. Mwezi huo ukipita unaweza kuomba, ila ile nyongeza ya mpito umeipoteza na haitarudi. Ukiona utachelewa kwa sababu ya ugonjwa au hospitali, piga namba iliyo kwenye barua uombe kusogezewa tarehe. Upige kabla ya tarehe kufika, maana baadaye haisaidii.

Sasa tuseme fedha, kwa viwango vya mwaka 2025/26, uone kwa nini nakuhimiza. Mtu wa hali yako katika ESA ana kiwango cha msingi, pauni 92.05 kwa wiki. Tena ana kiwango cha kundi la wasiotakiwa kutafuta kazi, 48.50, nyongeza mbili za ulemavu, ndogo ya 21.20 na kubwa ya 82.90, na nyongeza ya mtunzaji, 46.40. Jumla ni pauni 291.05 kwa wiki, yaani kama 1,261 kwa mwezi, ukihesabu ESA na Carer's Allowance yako kwa pamoja. Upande wa Universal Credit, msingi wa mtu mmoja ni pauni 400.14 kwa mwezi, na sehemu ya ugonjwa, ile utakayoiona imeandikwa LCWRA, ni 423.27. Hizo ni pauni 823.41. Kodi ya nyumba sijaigusa kwa sababu ipo pande zote mbili, na PIP yako haiguswi popote, wala ya kijana.

Tofauti ni karibu pauni 438 kila mwezi. Hicho ndicho unachokilinda kwa kuiheshimu tarehe.

Lakini hesabu hiyo inasimama ikiwa ile nyongeza kubwa ya ulemavu, 82.90, unalipwa kweli. Tafuta barua ya ESA inayochambua malipo yako uiangalie. Masharti yake ni kwamba uwe na PIP ya mahitaji ya kila siku, usiwe unaishi na mtu mzima mwingine, na pasiwe na mtu anayelipwa kwa kukutunza wewe. Mwanao ni mtu mzima, ndiyo, ila naye akiwa na PIP ya mahitaji ya kila siku hahesabiwi. Nimeona akina mama wengi waliostahili nyongeza hii na hawakuwahi kupewa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waiombe. Kama haimo, mwone mshauri sasa hivi, idaiwe kabla hujaomba Universal Credit, kwa sababu kitakacholindwa ni kile ulichostahili siku ya mwisho ya posho ya zamani.

Hapo ndipo lilipo tatizo la fomu ya wifi. Siku atakayoanza kulipwa Carer's Allowance kwa ajili yako, ile 82.90 yako inaondoka. Yeye atapata 83.30, wewe utapoteza kiasi kama hicho hicho, na mtaona nyumba haijapata hasara. Hasara inakuja ukihama: utahama na kiasi kilichopungua, na nyongeza yako ya mpito itakuwa kama pauni 79 badala ya 438. Asubiri uhame kwanza, malipo ya kwanza yatoke, uione nyongeza imeandikwa. Universal Credit haina nyongeza hiyo ya ulemavu ya kunyang'anywa, kwa hiyo wakati huo anaweza kuomba, mradi anakuhudumia saa 35 kwa wiki au zaidi na mshahara wake, akiwa na kazi, hauzidi pauni 196 kwa wiki (kiwango cha 2025/26) baada ya makato yanayoruhusiwa. Huyo mwanamke anastahili. Ni suala la kutangulia kipi.

Nije kwenye lile linalokutia hofu kuliko yote, la kujishtaki. Hakuna sheria inayosema mgonjwa hawezi kuwa mtunzaji. Watu wa ofisi ile wanajua vizuri kwamba mume mwenye moyo mbovu anamtazama mke aliyepoteza kumbukumbu, na mama mwenye baridi yabisi anamlea kijana wake. Kutunza si kubeba tu. Kumlisha, kumpa dawa kwa wakati, kumsikiliza usiku, kukaa macho asije akapaliwa, kumtuliza, kupanga wahudumu na miadi, zote hizo ni saa zinazohesabika, na wewe saa 35 nadhani unazimaliza kabla ya Alhamisi. Kama kuna mashine ya kumwinulia, au mhudumu anakuja asubuhi kumwogesha, sema hivyo hivyo ilivyo. Usijifanye una nguvu usizo nazo, wala usifiche unachokifanya.

Kwa hiyo katika maombi yako andika yote mawili: kwamba una ugonjwa unaokuzuia kufanya kazi, na kwamba unamtunza mtu mwenye ulemavu. Kwa kuwa tayari uko katika kundi lile la ESA, hadhi yako inahama nawe. Hutakiwi kuanza kupimwa upya wala kusubiri miezi mitatu kama mwombaji mgeni. Wakikuita kwenye uchunguzi mpya kwa sababu tu umehama, au wakikuambia ulete barua za daktari kila mara, wajibu kwa maandishi kwamba ulikuwa katika kundi hilo hadi siku ya kuhama. Kuanzia Aprili 2026 waombaji wapya wengi wa sehemu hii ya ugonjwa wanapewa kiwango cha chini zaidi, basi unaona tena kwa nini sitaki uingie kwa mlango wa mgeni.

Kuna jambo ambalo halitakupendeza. Universal Credit ina sehemu ya mtunzaji, pauni 201.68 kwa mwezi kwa viwango vya 2025/26, ila mtu mmoja hawezi kulipwa sehemu hiyo na ile ya ugonjwa kwa wakati mmoja. Watakupa kubwa, ya ugonjwa. Mimi naona ni dhuluma, kwa kuwa anayeuguza huku anaugua ana gharama mara mbili, na ESA yenyewe ilikuwa inalitambua hilo. Kwako wewe pengo linazibwa na nyongeza ya mpito. Hata hivyo usiache kutaja kwamba ni mtunzaji eti kwa kuwa hulipwi. Ikitokea siku wakasema hali yako ya afya imekuwa nafuu na kukuondolea LCWRA, utunzaji wako uwe tayari umeandikwa, ili sehemu ya mtunzaji ishike nafasi yake na usitumwe kutafuta kazi.

Carer's Allowance yenyewe inaendelea, hiyo haifungwi. Utashtuka tu ukiona katika taarifa ya Universal Credit wamekata pauni 360.97 kwa mwezi (kwa viwango vya 2025/26) kwa ajili yake. Hata ESA ilikuwa ikiikata, ila ilikuwa inafanyika kimya kimya. (Wasomaji wa Scotland, kwenu ni Carer Support Payment, na PIP kwenu ni Adult Disability Payment. Mantiki ya kuhama ni hii hii.)

Nyongeza ya mpito nayo haidumu. Kila Aprili viwango vya Universal Credit vikipanda, yenyewe inapunguzwa kwa kiasi hicho, na hata kodi ya nyumba ikiongezwa inaliwa humo humo. Jumla unayoishika inaweza kukaa pale pale miaka kadhaa huku bei dukani zikipanda. Panga matumizi ukilijua hilo.

Wiki tano ni kweli. Malipo ya kwanza huja baada ya mwezi mmoja na siku kama saba. Lakini si kweli kwamba utakaa bila senti: ESA na Housing Benefit zinaendelea wiki mbili baada ya siku uliyoomba, na hizo hazirudishwi. PIP zenu na Carer's Allowance zinaingia kama kawaida, na ya kijana haihusiki kabisa. Pakibaki pengo, kuna malipo ya awali. Ni mkopo, na riba haina hata peni moja. Unakatwa kidogo kidogo kwa muda unaofika miezi 24. Ukilazimika, chukua kiasi cha pengo tu. Wakikupa kukopa mwezi mzima, huna ulazima wa kukubali mwezi mzima.

Kodi ya nyumba sasa itaingia katika akaunti yako wewe, pamoja na fedha nyingine, mara moja kwa mwezi. Hapo wengi wameteleza. Waambie wenye nyumba mapema kwamba unahama, na uombe Universal Credit iwalipe moja kwa moja kama ilivyokuwa. Kwa mtu mwenye hali yako ombi hilo lina uzito. Unaweza pia kuomba ulipwe mara mbili kwa mwezi, ukitaka kubaki na hesabu yako ya umeme na chakula. Na punguzo la kodi ya kaunsili halimo ndani ya Universal Credit. Hilo ni la kaunsili, waandikie wenyewe, usidhani ofisi moja itaipa habari nyingine.

Maombi hufanywa mtandaoni, ila vidole vyako visikukwamishe, inaruhusiwa kuomba kwa simu. Citizens Advice wana huduma ya bure iitwayo Help to Claim, watakaa nawe mpaka malipo ya kwanza. Ukitaka mkalimani wa Kiswahili, mwombe unapopiga simu, ni haki yako na hulipi. Usimtume kijana wa jirani akujazie, nimeona watu wameandikiwa kwamba hawana ugonjwa wowote kwa sababu mjazaji alitaka kumaliza haraka. Weka karibu pasi yako, akaunti ya benki, mkataba wa nyumba na barua za PIP na ESA. Kwa wasomaji ambao bado hawana uraia ila wana kibali cha kudumu: hakikisheni eVisa zenu, yaani vibali vyenu vya mtandaoni, zinafunguka kabla ya kuomba. Na mwenye kibali kinachokataza fedha za umma asiombe chochote kabla ya kumwona mshauri wa uhamiaji.

Haya, bwana wa Coventry. Barua na posa vimefungamana, ndiyo. Ofisi haiangalii nikahi imesomwa na shehe gani, inaangalia kama mnaishi nyumba moja kama mume na mke. Akihamia, mnakuwa na maombi ya pamoja, mshahara wake na akiba yake vinahesabiwa, na nyongeza yako ya mpito inakoma. Ile 438 inakwenda, na hata mkiachana baadaye hairudi. PIP yako na ya kijana hazijali ndoa.

Sikuambii umkatae. Nyumba yenye mtu wa kukushika mkono saa tisa za usiku ina thamani ambayo mimi siwezi kuikokotoa. Ila mwenye kuposa ajue anachokiposa: mketi naye, kaka mmoja awepo, mumwekee hesabu mezani, aseme atachangia nini. Kama kweli ataingia katika kumtunza kijana kwa saa 35, yeye anaweza kulipwa ile sehemu ya mtunzaji ambayo wewe umenyimwa, kwa kuwa katika wanandoa mmoja anaruhusiwa kuwa na LCWRA na mwenzake kuwa mtunzaji. Ambalo sitakubaliana nalo ni kumficha, viatu vyake mlangoni na wewe unaandika kwamba unaishi peke yako. Hilo ni deni na kesi, na wanaopiga simu kuripoti mara nyingi ni hao hao waliokula pilau ya harusi.

Taarifa ya kwanza ya malipo ikitoka, isome mstari kwa mstari na mshauri wako. Tafuta LCWRA, tafuta kodi ya nyumba kamili, tafuta nyongeza ya mpito. Kimojawapo kikikosekana, una mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi kuomba uangaliwe upya. Andika katika akaunti yako ya mtandaoni siyo kwa simu tu, ili neno lako libaki. Halafu mwambie wifi achukue ile fomu.

Shangazi